Vipande Arobaini na Saba

Picha ni ya mwaka themanini na sita,
ua wa kiwanda cha sukari, Liepāja, pwani ya Latvia,
siku ile upepo ulimvua kofia mpiga picha.
Tumesimama safu tatu. Tisa wamekwisha kufa.

Nilichora mitambo miaka thelathini na mmoja
kwa penseli, rula na wembe wa kukwangulia makosa.
Sasa Rūdolfs, mjukuu wa jirani,
miaka kumi na miwili na subira ya kiberiti,
ameniwekea programu ya kuunda maumbo.
"Tandaza bamba," anasema. "Livike picha. Kisha kata."
Utadhani anaagiza chai.

Nikatandaza bamba. Jembamba, la kijivu,
halina uzito wala harufu ya grisi.
Nikalivika picha; ikakaa kichwa chini,
watu wazima thelathini wakaning'inia kwa viatu vyao
kama popo, meneja katikati.
Rūdolfs alicheka mpaka akadondosha biskuti.

Kisha mistari.
Nane kwa sita, arobaini na nane,
kila kipande na ulimi wake, kila kipande na kinywa chake.
Ukitazama vizuri ni mstari mmoja tu unaopinda:
huku unaitwa ulimi, kule unaitwa kinywa,
na kinachompungukia huyu ndicho kinachomzidi jirani yake.
Hesabu hiyo naijua.
Nimekulia nyumba ya jiko moja kwa familia nne.

Lakini mashine haijui uso.
Ilipita katikati ya macho ya Austra mpishi,
ikamnyang'anya Vilhelms kidevu,
ikampasua Tekla, mimba ya miezi saba.
Nikasema hapana.
Nikashika nukta mojamoja kwa kipanya,
nikauvuta mstari nje ya shavu, nje ya sikio,
nikaupitisha kwenye tofali, kwenye moshi,
kwenye makoti yasiyo na mwenyewe wa kulalamika.
Siku tatu. Macho yakavimba kama ya mkata vitunguu.

Msimamizi Zigfrīds nilimwacha.
Ndiye aliyenikata mshahara wa Februari
kwa dakika sita, theluji ikiwa magotini.
Mstari ulipita puani mwake.
Nikajimiminia chai, nikaongeza sukari, nikamtazama.

Usiku wa manane niliamka, nikawasha kompyuta,
nikausogeza mstari mpaka kwenye kola yake.
Si msamaha. Pua iliyokatwa ovyo
ni aibu ya mchoraji, si ya mwenye pua.

Pakabaki mahali pamoja.
Safu ya pili, kulia: bega langu, na juu yake
mkono wa Biruta,
uliowekwa pale kwa sababu ya upepo.
Hivyo ndivyo alivyosema siku ile.
Kisu cha programu kilipita, vipande havikuachana.
Nikisogeza kimoja, cha pili kinafuata.
Rūdolfs akainama: "Nukta zimegandana, babu. Hapa na hapa.
Bonyeza, tenganisha. Sekunde moja."
Nikamwambia aende kwao akale.

Jumapili Biruta alikuja na tableti ya binti yake,
miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani.
Alipanga kwa kidole kimoja, polepole,
akiwataja kwa majina kila mmoja alipofika:
Austra, haya. Tekla, mtoto wako sasa ni nahodha.
Kwa Zigfrīds alinyamaza, akambandika, akaendelea.
Nje tramu ilipiga kengele kwenye kona.

Alipomaliza, akahesabu. Akahesabu tena.
"Uliniambia arobaini na nane."
"Programu ina kasoro," nikasema.
Akaikuza picha kwa vidole viwili
mpaka bega na mkono vikajaa skrini,
vikawa miraba tu, kijivu juu ya kijivu.
"Kasoro hii," akauliza, "ni ya toleo la mwaka gani?"

Nikainuka kwenda kuchemsha maji.